Ubao katika bodi la gari: kwa nini uliondoka, na wapi bado una kazi

Hotuba kwa mafundi bodi, maseremala na wanafunzi wa ufundi, Keko, Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti, maseremala wa Keko mliotupokea leo, mafundi bodi mliotoka Gerezani, Tabata na Buguruni, walimu wenzangu na vijana wangu wa mafunzo ya ufundi: itifaki imezingatiwa.

Wakati mnaingia mmepita kando ya Fuso nyeupe iliyoegeshwa langoni. Wachache wameinama kuchungulia sakafu yake, na nimefurahi kuwaona wakifanya hivyo. Gari hilo nitalirudia, kwa maana bila hilo ningekuwa nimekuja na maneno matupu.

Nimeombwa nizungumzie matumizi ya mbao katika ujenzi wa magari. Neno nililonalo ni moja, na ningependa mlisikie tangu sasa ili mnipime kwalo mpaka mwisho. Ubao haukuondolewa katika gari kwa sababu ni dhaifu. Uliondolewa na viwanda vikubwa kwa sababu za viwanda vikubwa, na sisi tunaojenga mabodi moja baada ya jingine, kwa mikono, tukazichukua sababu hizo kama zilivyo bila kuuliza kama zinatuhusu. Matokeo yake ni kwamba fundi bodi na seremala, ambao warsha zao mjini hapa zinatenganishwa na mwendo wa dakika chache tu, hawajuani kikazi, na kila mmoja anaamini kuwa mwenzake hana la kumfundisha.

Tuanze na jinsi gari lilivyozaliwa. Wajenzi wa mabodi ya kwanza ya magari walikuwa ndio wajenzi wa mabehewa ya kukokotwa na farasi, na walijenga kwa namna waliyoijua: mifupa ya mbao ngumu, viungio vya ulimi na tundu, kisha juu yake ngozi, turubai au bati jembamba lililopigiliwa misumari. Ford Model T, iliyotengenezwa tangu 1908 hadi 1927 na kufikia zaidi ya magari milioni 15, ilikuwa na mifupa ya mbao ndani ya bodi lake, na kwa sehemu kubwa ya uhai wake ilitembea juu ya magurudumu yenye mikono ya mbao ya mti wa hikori. Haja ya mbao ilikuwa kubwa kiasi kwamba Henry Ford alinunua misitu kaskazini mwa jimbo la Michigan, akajenga kiwanda cha kupasua mbao mahali paitwapo Iron Mountain, na mabaki ya mbao yakachomwa kuwa makaa yaliyouzwa kwa wananchi. Anayedhani kwamba kujenga gari kwa ubao ni kazi ya mtu aliyekosa fedha za chuma na akumbuke kwamba mtengenezaji mkubwa kuliko wote duniani wakati ule alikuwa na misitu yake mwenyewe.

Basi kwa nini ubao uliondoka? Hapa naomba tutulie kidogo, kwa sababu sehemu hii husimuliwa vibaya hata katika madarasa yetu.

Edward Budd, aliyekuwa na kiwanda Philadelphia nchini Marekani, alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kutengeneza bodi la gari la chuma kitupu kwa wingi, na ndugu wawili wa kampuni ya Dodge walianza kuyanunua mabodi hayo mwaka 1914. Faida mojawapo kubwa ya bodi hilo ilionekana kwenye rangi. Rangi na vanishi za siku zile zilipakwa tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka lilisubiriwa likauke, hivi kwamba bodi moja lingeweza kukaa kiwandani siku nyingi bila kufanyiwa kazi nyingine yoyote ila kungojewa. Bodi la chuma kitupu liliweza kuingizwa kwenye tanuri lenye joto kali na kutoka likiwa limekauka. Bodi lenye mifupa ya mbao halikuweza. Ubao ukitiwa kwenye joto lile hupoteza maji yake, husinyaa, gundi huachia na viungio hulegea kabla gari halijakanyaga barabara. Kwa kiwanda kinachotoa mamia ya magari kwa siku, bodi linalongoja rangi ikauke ni fedha zilizolala na ghala lililojaa.

Jambo la pili lilikuwa ni mashine za kukandamiza bati. Kalibu moja ya kukandamizia mlango au bawa la gari ni ghali mno, lakini ikishatengenezwa hutoa vipande vinavyofanana kabisa, kimoja baada ya kingine, bila kuhitaji fundi mwenye ujuzi wa miaka kumi. Gharama yake hugawanywa kwa maelfu na maelfu ya magari hadi ikawa ndogo katika kila gari. Hata hivyo mpito haukuwa wa ghafla. General Motors, kampuni nyingine kubwa ya magari ya Kimarekani, waliendelea kutumia mifupa ya mbao ndani ya mabodi yao mengi, na hadi katikati ya miaka ya 1930 mapaa ya magari mengi yalikuwa na uwazi mkubwa katikati uliofunikwa kwa kitambaa kilichozuia maji, kwa sababu mabati mapana ya kutosha kufunika paa zima hayakuwa yakipatikana kwa urahisi. Magari yao ya mwaka 1935 ndiyo yaliyokuja na paa la chuma la kipande kimoja.

Sasa tujiulize sisi wa Dar es Salaam. Kalibu ya kukandamiza paa iko wapi Gerezani? Foleni ya mamia ya mabodi yanayosubiri rangi iko wapi Tabata? Fundi wetu anachukua bomba la mraba, analikata, analichomelea, anakunja bati kwa nyundo na mikono, analipiga puti na kulipaka rangi. Kila bodi ni la peke yake. Katika hali hiyo, zile hoja mbili zilizouondoa ubao katika viwanda vya Marekani hazina nguvu, na mashindano kati ya ubao na chuma yanarudi kuwa mashindano ya haki: uzito, uimara, bei, na maisha ya kitu chenyewe.

Wako waliobaki na ubao kwa makusudi. Kampuni ya Morgan, iliyoko Malvern nchini Uingereza, inajenga magari tangu kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, na hadi leo mifupa ya mabodi ya magari yake ya magurudumu manne ni ya mbao ya mti uitwao eshi. Nimesikia mara nyingi ikisemwa kuwa chasisi ya gari hilo ni ya mbao. Si kweli. Chasisi ya magari yao ya magurudumu manne imekuwa ya chuma kwa miongo mingi, na katika magari yao ya sasa ni ya aluminiamu. Ubao uko juu yake, ukibeba mabati ya bodi na milango. Upinde wa juu ya gurudumu hauchongwi kutoka kwenye gogo moja. Wanachukua mbao tatu nyembamba, wanazipaka gundi, wanazikunja pamoja juu ya kalibu na kuziacha zishikane katika umbo hilo. Seremala yeyote wa Keko aliyewahi kutengeneza mgongo wa kiti uliopinda anaifahamu kazi hiyo, ingawa hajawahi kuambiwa kwamba ni kazi ya gari.

Nyingine ni Morris Minor Traveller, iliyotengenezwa kati ya 1953 na 1971. Sehemu ya nyuma ya gari hilo ilikuwa na fremu ya mbao ya eshi inayoonekana wazi kwa nje, na wengi walidhani ni pambo. Haikuwa pambo. Fremu ile ndiyo iliyobeba paa na vioo vya nyuma, na ndiyo maana gari hilo likipelekwa kwenye ukaguzi huko Uingereza na mbao zikakutwa zimeoza, huhesabiwa kuwa ni bovu kama lile lililoliwa na kutu. Magari ya familia ya Kimarekani yenye mabodi ya mbao, yaliyopendwa sana kabla na baada ya Vita ya Pili, nayapita haraka, kwa kuwa baadaye ubao wake uligeuka kuwa karatasi iliyochapwa rangi ya mbao na kubandikwa juu ya chuma, na hilo halitusaidii lolote.

Linalotusaidia ni plaiwudi, na hapa nitakaa zaidi.

Mbao ya kawaida ina nguvu kufuata mkondo wa nyuzi zake, na ni dhaifu ukiipasua kwa kukatisha. Plaiwudi ni karatasi za mti zilizopangwa kwa kukatishana, moja ikienda urefu na nyingine upana, ili udhaifu wa moja ufunikwe na nguvu ya jirani yake. Wakati wa Vita ya Pili, Waingereza walijenga ndege ya kivita iitwayo de Havilland Mosquito, iliyoruka kwa mara ya kwanza Novemba 1940, na kiwiliwili chake kilikuwa ni plaiwudi nyembamba ya mti wa birchi pande mbili na ubao mwepesi wa balsa katikati. Sehemu nyingi za ndege hiyo zilitengenezwa na viwanda vya samani. Tena nasema: watengeneza samani. Ilikuwa miongoni mwa ndege zenye mbio kubwa kuliko zote za wakati wake.

Mtu mmoja aliyefanya kazi katika kampuni hiyo ya de Havilland, Frank Costin, alichukua ujuzi huo akauhamishia kwenye gari. Mwaka 1959 yeye na Jem Marsh walianzisha kampuni ya Marcos, jina lililotokana na silabi za mwanzo za majina yao ya ukoo, na chasisi ya magari yao ya awali ilikuwa ya plaiwudi iliyogundishwa. Katika magari hayo hata chasisi ilikuwa ni ubao, na yalishindana na kushinda katika viwanja vya mbio. Baadaye kampuni ilihamia kwenye chasisi ya chuma.

Wanafunzi, chukueni kalamu. Bamba la chuma la milimita 3, ambalo mafundi wetu hulitandika kwenye sakafu ya lori, lina uzito wa kilo 23 na nusu kwa kila mita moja ya mraba, kwa kuwa mita moja ya ujazo ya chuma ni kilo 7,850. Plaiwudi ya milimita 18 ina uzito wa kilo 11 hivi kwa eneo lilelile. Kwenye sakafu ya futi 20 kwa futi 7 na nusu, tofauti yake inazidi kilo 170, yaani mifuko mitatu ya saruji na ushee ambayo gari linaibeba kila safari, likienda na likirudi, hata likiwa tupu. Na je, ugumu wa kukataa kupinda? Chuma kama chuma ni kigumu kuliko ubao kwa mbali sana, lakini ugumu wa sakafu hukua kwa unene wake uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe. Ubao wenye unene mara 6 ya chuma unapata faida ya mara 216 kutokana na unene peke yake, na faida hiyo inatosha kabisa kufidia udhaifu wake wa asili. Ndiyo maana plaiwudi ile yenye uzito pungufu ya nusu hupinda kwa kiasi pungufu kuliko bamba la chuma la milimita 3. Fundi anayeongeza mihimili ya chuma chini ya bamba ili lisibonyee anaongeza tena uzito alioukimbia.

Nisifiche upande wa pili. Ukitumia mbao nene za milimita 30 za msaji badala ya plaiwudi, uzito unakaribia kilo 20 kwa mita ya mraba, na hapo huokoi kitu kikubwa. Utapata faida nyingine, kwamba ubao mmoja ukivunjika unaubadilisha peke yake bila kuita mchomeleaji, lakini usimwambie mteja kuwa umempunguzia uzito.

Ushahidi wa plaiwudi uko mbele ya macho yetu kila siku. Makontena yanayoshushwa bandarini kwetu yana sakafu ya plaiwudi ya milimita 28 hivi, na foklifti yenye tani zake hupita juu yake. Mabasi mengi mnayopanda yana plaiwudi chini ya ule mkeka wa plastiki mnaoukanyaga. Hata katika mashindano ya Formula 1, ambako fedha nyingi hutumika, tangu mwaka 1994 kila gari limelazimika kufungwa ubao chini ya tumbo lake ili lisishushwe mno karibu na lami. Ubao wa mwanzo ulitengenezwa kwa karatasi za mti zilizoshindiliwa na kunyweshwa gundi, una unene wa milimita 10, na hauruhusiwi kulika zaidi ya milimita 1. Mwaka huohuo Michael Schumacher alinyang'anywa ushindi wa mashindano ya Ubelgiji kwa sababu ubao wake ulikutwa umelika kupita kiasi.

Kuna gari moja ambalo ni lazima nilitaje mbele yenu kwa kuwa lilikusudiwa sisi. Miaka ya 1980, Mwingereza Tony Howarth, aliyekuwa mwandishi na mpiga picha, aliona jinsi magari yaliyoletwa Afrika yalivyokuwa yakishindwa na barabara zetu na jinsi vipuri vilivyokuwa shida, akabuni gari aliloliita Africar. Bodi lake lilikuwa la plaiwudi iliyonyweshwa gundi ya epoksi, na vyombo vyake vya mwendo vilitoka kwenye gari dogo la Kifaransa, Citroën 2CV. Wazo lilikuwa kwamba bodi kama hilo lingeweza kujengwa na maseremala katika nchi za Kiafrika bila kiwanda cha kukandamiza bati. Magari ya majaribio yaliendeshwa mwaka 1984 kutoka nchi za baridi kali za Aktiki kuja hadi Ikweta. Kampuni yake, iliyokuwa Lancaster nchini Uingereza, ilifilisika mwaka 1988 kabla ya kuzalisha kwa wingi. Nimelifikiria sana gari hili kwa miaka mingi. Naamini wazo lake lilikuwa sahihi na mahali pake ndipo palipokosewa: gari la kujengwa na seremala wa Afrika lilipaswa kuanza mahali ambapo seremala huyo yupo.

Kwa hao wanaosema kuwa habari hizi ni za kale, mwaka 2016 Toyota walionyesha Milan gari la majaribio liitwalo Setsuna, ambalo bodi lake ni la mbao za mwerezi wa Kijapani na fremu yake ni ya birchi, na vipande vyake vimeshikanishwa kwa viungio vya kale vya Kijapani pasipo msumari wala skrubu. Waliolitazama walistaajabu. Mimi nilikumbuka mtepe wetu, jahazi la pwani hii lililoshonwa kwa kamba za makumbi na kuvuka bahari bila msumari. Na mwaka 2019, huko Tokyo, kilionyeshwa chombo ambacho sehemu nyingi za bodi lake zilitokana na nyuzi ndogo mno za miti zilizochanganywa na plastiki, kazi iliyoongozwa na Chuo Kikuu cha Kyoto pamoja na wizara ya mazingira ya Japani. Hiyo ni teknolojia ya maabara na bado haijafika Keko, lakini inaonyesha wenye chuma kingi wanaelekea wapi.

Turudi nyumbani, kwenye adui mwenyewe wa kazi hii, ambaye ni maji.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa fundi kijana katika warsha moja mjini hapa, nilipewa kazi ya kutandika sakafu ya lori la mizigo. Tulinunua mbao za mninga zilizopasuliwa karibuni. Zilikuwa nzuri kuzitazama, nasi tukazipanga zikiwa zimebanana bila nafasi, tukazifunga kwa bolti za kawaida zisizopakwa madini ya zinki, tukapaka rangi upande wa juu mpaka ukang'aa. Chini hatukupaka, kwa kuwa hakuna anayepaona. Mwenye gari alilipa na akaondoka akiwa ameridhika. Baada ya miaka miwili alirudi na gari lake. Kwa juu sakafu ilikuwa bado na rangi. Nilipochoma bisibisi kutoka chini, karibu na mihimili ya chasisi, iliingia mpaka kwenye mpini. Mbao zile mbichi zilikuwa zimesinyaa na kuacha mianya, maji ya mvua na ya kuoshea gari yakapita kwenye mianya hiyo na kukwama kati ya ubao na chuma, bolti zikaota kutu na kupanua matundu yake, na kuvu wakamaliza iliyobaki. Mzee yule hakunitukana. Aliniuliza tu kwa utulivu kama nilijua kuwa itakuwa hivyo, nami nilikuwa sijui, na swali hilo ndilo lililonipeleka kujifunza upya.

Nikajifunza kwamba kuvu wa kuozesha mbao hawawezi kuishi kwenye ubao ambao unyevu wake ni pungufu ya asilimia 20, na kwamba ubao uliokaushwa hadi asilimia 12 hivi na kulindwa usinywe maji tena unaweza kudumu kwa muda mrefu sana. Nikajifunza kwamba ubao husinyaa kufuata duara la mti takribani mara mbili ya unavyosinyaa kuelekea kwenye moyo wake, na ndiyo maana mbao zilizopasuliwa vibaya hujikunja kama mtumbwi. Nikajifunza kwamba ncha za ubao, pale nyuzi zilipokatwa, hunywa maji kwa kasi kuliko ubapa wake, na ndizo zinazopaswa kupakwa kwanza na kwa wingi. Mafunzo makubwa zaidi hata hivyo niliyapata kwa wajenzi wa majahazi. Mzee mmoja wa Kunduchi aliniambia kuwa yeye huogopa maji ya mvua kuliko maji ya bahari. Baadaye nikaelewa: chumvi inawazuia kuvu, lakini maji matamu yanayotuama kwenye pembe ya taruma, yaani mbavu za jahazi, ndiyo yanayoozesha chombo. Katika jahazi kila pembe ina njia ya kutolea maji kuelekea mkukuni, ambako huchotwa na kumwagwa nje. Katika mabodi yetu ya malori, maji yakishaingia, wapi tumeyawekea mlango wa kutokea?

Kwa hiyo leo ninapotandika sakafu ya lori sianzi na ubao, naanza na njia ya maji. Kati ya mhimili wa chasisi na ubao naweka kipande cha mpira ili visigusane. Kati ya ubao na ubao naacha milimita 3. Kila tundu la bolti linapakwa ndani kabla bolti haijaingia, na bolti ni zile zilizopakwa zinki, kwa maana hewa ya chumvi ya mji huu haina huruma na chuma tupu. Upande wa chini unapakwa tabaka nyingi kuliko wa juu. Ukitumia plaiwudi, usimwamini muuzaji kwa neno lake kuwa haipenyi maji. Kata kipande, kichemshe. Maabara huchemsha kwa saa 72. Wewe hata ukichemsha kutwa nzima jikoni, plaiwudi ya gundi ya matumizi ya ndani ya nyumba itaachana karatasi kwa karatasi na utajua ulichotaka kuuziwa.

Kuhusu aina ya mbao, nina msimamo ambao najua hautapendwa na wote. Mninga, mkongo na mvule nisingependa kuuona tena kwenye sakafu ya lori. Miti hiyo ya msitu wa asili huchukua miongo mingi kukua, na kuitandika chini ya magunia ya mkaa na mifuko ya saruji ni kuipoteza. Tuna msaji wa kupandwa huko Longuza na Mtibwa, ambao ukiwa umekomaa una mafuta ndani yake yanayozuia kuoza na mchwa, ingawa mafuta hayohayo yanakataa gundi, na ni lazima uso wake ufutwe kwa dawa ya kuyeyusha mafuta muda mfupi kabla ya kugundisha. Patasi na msumeno pia hufa makali upesi juu yake, kwa kuwa una chembechembe kama mchanga. Tuna misindano ya Sao Hill, ambayo kwa mifupa ya bodi siisifii, ni laini na skrubu haishiki vizuri, lakini kwa karatasi za plaiwudi inafaa, na viwanda vya Mafinga na Mufindi vinazikata kila siku. Mkaratusi nao una nguvu kwa plaiwudi kuliko msindano, ila ukaushaji wake unahitaji subira.

Nisemapo haya, mtu asitoke hapa akakate nguzo za kibini. Katika ajali chuma hujikunja na kumeza sehemu ya kishindo, na ubao huvunjika ukatoa vipande vyenye ncha. Kibini ya dereva, chasisi, na nguzo zinazolinda abiria gari likipinduka, hizo ziache kwenye chuma na kwenye sheria zinazosimamia magari ya abiria. Nayazungumzia mabodi ya mizigo: sakafu, kuta za pembeni, milango ya nyuma, maboksi ya kubebea mikate na maziwa, na zaidi ya yote mabodi ya vyombo vya magurudumu matatu vya umeme vinavyoanza kuonekana mjini, ambavyo betri yake tayari ni nzito na kila kilo inayopungua kwenye bodi ni mita kadhaa za safari zinazoongezeka. Hapo boksi la plaiwudi ya milimita 9, lenye viungio vya gundi ya epoksi na kona zilizoimarishwa kwa mbao ndogo za msaji, linajengwa na seremala mmoja na fundi bodi mmoja kwa siku chache, kwa vifaa vilivyopo katika warsha zenu wote wawili.

Walimu, ombi langu kwenu ni dogo. Mwanafunzi wa bodi za magari akae wiki chache katika darasa la useremala ajifunze kuusoma ubao, mkondo wa nyuzi, unyevu na viungio. Na mwanafunzi wa useremala akae wiki chache chini ya gari aone linavyojinyonga linapopita kwenye shimo, kwa maana sakafu ya gari haitulii kama sakafu ya nyumba, na kiungio kisichoruhusu kujinyonga kitapasuka hata kama gundi yake ni bora.

Sasa ile Fuso ya langoni. Sakafu yake niliitandika mimi na vijana wawili waliopo humu ndani, miaka sita iliyopita, kwa msaji mkavu wa kupandwa, kwa namna niliyoieleza. Tangu hapo imebeba mchanga, nondo na magunia ya vitunguu kutoka Kilosa, na imeoshwa kwa mpira wa maji mara nisizoweza kuzihesabu. Kwa juu mmeiona. Kwa chini sijaitazama tangu tulipofunga bolti ya mwisho, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Mwenye gari ametupa ruhusa kufungua mbao mbili upande wa kushoto, juu ya ekseli ya nyuma, ambako tope hurushwa zaidi. Spana namba 17 ninayo, bisibisi ninayo. Mwenyekiti akituruhusu, tutoke wote, na mwanafunzi mdogo kuliko wote ndiye atakayeichoma bisibisi.